Nani Ampishe Mwenziwe?

Stesheni ya Kaliua iko magharibi ya Tabora, zaidi ya kilomita 100 kwa reli, katika nchi ya miombo, tumbaku na asali. Hapo Reli ya Kati, itokayo Dar es Salaam na kuishia Kigoma penye Ziwa Tanganyika, imezaa tawi. Tawi hilo linageukia kusini-magharibi, linavuka Mto Ugalla, na linakomea Mpanda baada ya kilomita 210. Kwa hiyo Kaliua ni njia panda, na wengi wanaoijua wanaijua kwa kungoja: wameshuka huko wakasubiri treni nyingine, au wamekaa ndani ya behewa lililosimama bila ya kuambiwa linasimamia nini.

Reli zenyewe ni za njia moja. Garimoshi liendalo Kigoma na lile lishukalo pwani hutumia vyuma vile vile viwili, vilivyoachana kwa mita moja, na haziwezi treni hizo kupishana popote ila stesheni. Huko pametandikwa njia ya pili, ya pembeni, inayoachana na njia kuu upande mmoja na kurudiana nayo upande wa pili. Treni moja huingia pembeni ikasimama; nyingine hupita. Ukiondoa jengo, jukwaa na ghala, na ukiondoa ule mgawanyiko wa kwenda Mpanda, ramani ya stesheni kama hii ni hiyo tu: ni mahali palipotengenezwa ili mmoja aweze kumpisha mwingine.

Swali linalozaliwa na ramani hiyo halikuanza na reli, wala halitakwisha nayo. Njia ikiwa nyembamba, na wenye haja nayo wakiwa wawili, nani ampishe mwenziwe, na kwa haki gani?

Kiswahili kimelishughulikia jambo hili kwa namna yake. Kutokana na kupita kimepatikana kupisha, yaani kumfanya mwingine apite kwa kujiondoa njiani. Na kutokana na kupisha kikapatikana kupishana, tendo la wawili. Lakini kupishana kuna maana mbili zisizofanana. Watu waliopishana njiani wamepeana nafasi, kila mmoja akaenda zake salama. Watu waliopishana kauli wamekosa kuafikiana, na pengine wamegombana. Lugha imeyaweka makubaliano na mafarakano katika neno moja, na yamkini imefanya hivyo kwa sababu yote mawili huanzia mahali pamoja, pale watu wawili wanapoelekeana na hapana nafasi ya wote.

Kabla ya reli, nchi hii ilipitwa kwa miguu. Misafara iliondoka Bagamoyo na bandari jirani, ikapanda hadi Unyanyembe, penye Tabora ya leo, na huko mingine ikaendelea magharibi kuelekea Ujiji. Njia ilikuwa ujia wa upana wa mguu, na watu walifuatana mmoja nyuma ya mwingine, mpagazi na mzigo wake, ambao aghalabu ulikaribia frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh katika Unyanyembe pamoja na John Speke mwezi Novemba 1857, aliandika kwa kirefu juu ya desturi za njia hiyo. Mbele ya wote alikwenda kirangozi, amevaa nguo nyekundu, na katika misafara ya watu wa pwani alichukuliwa naye bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja. Hapana aliyeruhusiwa kumtangulia; aliyethubutu alitozwa faini.

Misafara miwili ilipokutana katika ujia huo mmoja, ilibidi jambo liamuliwe. Ikiwa hapakuwa na kinyongo baina yao, anasema Burton, virangozi wawili walisogeleana kwa madaha, hatua na kituo, wakitupiana macho ya upande, kisha wakainama ghafla na kugongana vichwa kama kondoo dume. Waliofuata nyuma yao walifanya vivyo hivyo, kwa msukosuko ambao mgeni angeudhania kuwa ni vita, na mambo yakaishia kwa vicheko. Lakini hata baada ya vicheko, kundi lililo dhaifu lilipaswa kujitenga pembeni na kutoa kizawadi. Na pale msafara mmoja ulipokuwa chini ya Mwarabu, msafara huo ulidai njia kuwa ni haki yake.

Msomaji wa pwani hana budi kuisoma polepole sentensi hiyo ya mwisho. Bendera ile nyekundu ilitoka visiwani, na maana yake porini ilikuwa moja: tupisheni. Waliopishwa waliuona upishwaji huo kuwa sehemu ya maumbile ya dunia, kama upepo wa kaskazi. Tena katika baadhi ya misafara hiyo walikuwamo watu waliofungwa minyororo, ambao hawakuulizwa kama walitaka kupita wala kama walitaka kupisha. Swali la nani ampishe mwenziwe ni swali la watu huru. Mtumwa alikuwa amekwisha kuondolewa katika swali lenyewe.

Jawabu la kwanza, basi, ni la nguvu, na Waswahili wamelitia katika methali: mwenye nguvu mpishe. Methali hii husomwa vibaya na wenye nguvu, wakidhani imetungwa kwa ajili yao. Haimwambii mwenye nguvu kwamba ana haki. Haimwambii neno lolote. Inasema na asiye na nguvu, na inamwonya aulinde mwili wake. Ni shauri la busara, na busara ya mnyonge haiwezi kugeuzwa hati ya kumilikisha njia. Ingekuwa hivyo, kila aliyekwepa fahali angekuwa amekiri kwamba zizi ni la fahali.

Jawabu la pili lilitolewa na mwenye nchi. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi aliyejijengea dola magharibi ya Unyanyembe, aliifunga njia ya Ujiji. Wafanyabiashara wa Tabora walimwendea kwa vita. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akajiunga nao, na wote wakashindwa. Stanley ilimbidi azunguke mbali kwa kusini ndipo akafika Ujiji mwezi Novemba mwaka ule. Mirambo alifariki mwaka 1884, lakini jina lake limebaki katika mji wa Urambo, ambao treni huupita kabla ya kufika Kaliua.

Katika ugomvi ule lilikuwamo neno moja ambalo historia yake inafaa kuzingatiwa, nalo ni hongo. Leo hongo ni rushwa, ni fedha ya haramu itolewayo kwa siri. Katika siku za misafara ilikuwa ni ada iliyolipwa waziwazi, kwa nguo, shanga au waya, kwa mtawala ambaye nchi yake imepitwa. Mwenye msafara aliiona kuwa unyang'anyi. Mwenye nchi aliiona kuwa ni stahili ya maji yaliyonywewa, kuni zilizokatwa na mashamba yaliyokanyagwa. Maana iliyoshinda katika lugha ni ile ya wapitaji, kwa sababu wapitaji ndio walioandika barua na vitabu. Dai la Mirambo, likivuliwa bunduki zake, lina uzito hata leo: njia haielei hewani. Imelala juu ya ardhi ya mtu, na apitaye anatumia kitu ambacho hakukitengeneza.

Hata hivyo dai hilo halikuvuliwa bunduki. Kila mtawala aliyekuwa na nguvu ya kutosha kuzuia alitoza, na asiyekuwa na nguvu alikanyagiwa mashamba yake bila ya malipo. Haki ya mwenye nchi, kwa namna ilivyotekelezwa, ilirudi kuwa ile ile haki ya vichwa vya kondoo.

Jawabu la tatu linatoka katika vichochoro. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, katika Mombasa ya kale na katika Lamu, zipo njia ambazo watu wawili hupita kwa kugusana mabega. Hamali akija na gunia kichwani hupiga ukelele: simile! Neno hilo, wasemavyo wataalamu wa lugha, asili yake ni bismillahi. Asikiaye hujibana ukutani, awe tajiri au maskini, sharifu au mgeni, na hamali hupita. Hapa sheria imepinduliwa. Anayepishwa ni aliyeelemewa, naye kwa kawaida ni mtu wa chini kuliko wote waliomo kichochoroni. Anapishwa kwa sababu yeye hawezi kusimama bila ya kuumia, ilhali mwenye mikono mitupu anaweza.

Katika majawabu matatu hili ndilo lenye utu zaidi. Lakini linahitaji masharti mawili: kwamba mzigo uonekane, na kwamba wapitao wajuane kiasi cha kuaminiana. Mzigo wa gunia unaonekana. Mzigo wa mtu anayemkimbilia mama mgonjwa hauonekani. Na watu wawili wenye mizigo wakikutana, kila mmoja akalia simile, kichochoro hakina la kusema.

Reli ilikuja na jawabu la nne. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mapema mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu. Kipande kinachopita Kaliua kilitandikwa baina ya tarehe hizo mbili za mwisho. Katika reli ya njia moja dereva haamui kupita. Wala stesheni masta haamui peke yake, kwa maana hana ruhusa ya kuitoa treni mpaka aafikiane na stesheni ya mbele kwamba njia ni tupu. Kwa kawaida treni ya abiria hutangulizwa mbele ya ile ya mizigo. Bendera nyekundu ya kirangozi ilimaanisha tupisheni. Mikononi mwa stesheni masta, bendera ya rangi hiyo hiyo humaanisha simama.

Katika utaratibu huu limo jambo ambalo abiria aliyechoka hulikosa. Treni mbili zinazoelekeana zikipangiwa kupishana Kaliua, ipi itakayosubiri? Jibu, kabla ya kanuni yoyote ya daraja au cheo, limo katika umbo la mambo: itasubiri ile iliyofika kwanza. Haiwezi kuendelea, kwa kuwa njia iliyo mbele yake inayo nyingine ndani yake. Wahi yake inaipa wajibu, haiipi haki. Hili ni kinyume cha yanayofundishwa katika kila foleni ya maji na kila dirisha la tiketi, ambako aliyetangulia ndiye ahudumiwaye. Penye foleni watu wote wanaelekea upande mmoja, na kutangulia ni sifa. Penye njia moja watu wanaelekeana, na aliyetangulia kufika ndiye mwenye mahali pa kusimama. Mwenziwe bado yumo njiani, katikati ya pori, hana pembeni pa kuingia. Anayepisha hapishi kwa kuwa ni dhaifu. Anapisha kwa kuwa yeye ndiye awezaye.

La pili linahusu ukubwa. Njia ya pembeni ina urefu maalumu. Treni ya mizigo iliyo ndefu kuupita urefu huo haiwezi kuingia ikaenea. Hiyo hubakia njia kuu, na ile fupi ndiyo iingiayo pembeni. Kwa mtazamaji itaonekana kwamba kubwa imeheshimiwa. Kwa hakika kubwa imeshindwa kufanya jambo ambalo ndogo imeliweza. Na zikikutana mbili ambazo zote ni ndefu kupita kiasi, stesheni nzima hukwama. Wapo watu wa namna hii, na zipo dola za namna hii, zilizokua mpaka zikapoteza uwezo wa kusogea pembeni, nazo huuita upungufu huo utukufu.

Kwamba kupishana si adabu tu, Tanzania iliyajua hayo kwa msiba. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu katika mkoa wa Dodoma, katika Reli hii hii ya Kati, treni ya abiria ilishindwa kupanda mwinuko, breki zikashindwa kuizuia, ikarudi nyuma kwa kasi mpaka ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu wapatao 280 walikufa. Vyuma viwili havina subira wala radhi. Pale utaratibu wa kutenganisha wasafiri unapovunjika, kwa uzembe au kwa ubovu, wanaolipa ni wale ambao hawakuwa na mkono katika uamuzi wowote.

Je, reli basi ndiyo iliyoupata uadilifu ambao ujia na kichochoro viliukosa? Ipo hoja nzito ya kulikataa jibu hilo. Kanuni ya stesheni inazipatanisha treni. Haimpatanishi aliye ndani ya treni na aliye nje. Miaka mingi kabla ya 1905 Wanyamwezi kwa makumi ya maelfu waliishi kwa kuchukua mizigo baina ya maziwa na pwani, na upagazi kwao ulikuwa heshima, ndiyo njia ya kijana kuonyesha kwamba amekuwa mtu mzima. Wanyamwezi walikuwa pia miongoni mwa vibarua walioijenga reli, na reli ilipokamilika hapakuwa tena na haja ya kichwa cha mpagazi. Hapo palitokea kupisha kukubwa kuliko kote, watu wote wa kazi moja wakisogezwa pembeni, na hapana stesheni masta aliyewapungia bendera ya kuwarudisha njiani.

Tawi la Mpanda nalo halikujengwa kwa kuwa wakaazi wa kusini ya Ugalla waliomba usafiri. Lilijengwa baina ya mwaka 1947 na 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Ni miaka ile ile ambayo Serikali ya Uingereza ilifyeka mapori ya Urambo, Kongwa na Nachingwea kwa mradi wa karanga, ambao uliachwa mwaka 1951. Mgodi wa Mpanda ulifungwa mwaka 1960. Risasi ilipomalizika kazi yake reli ilibaki, na watu, ambao hawakuwamo katika hesabu ya mwanzo, wakaanza kuitumia kana kwamba ilijengwa kwa ajili yao. Kanuni ya nani atangulie ilikuwa ya haki baina ya treni na treni. Lakini swali la treni ipite wapi, ichukue nini na kwa faida ya nani, lilijibiwa mbali na Kaliua, kwa lile lile jawabu la kwanza.

Kwa hiyo kanuni peke yake haitoshi. Lakini funzo lililomo ndani yake linaweza kutolewa stesheni likapelekwa mahali pengine, na nchi ya Kaliua imekwisha kulijaribu. Mwaka 1972 maelfu ya watu wa Burundi walikimbia mauaji nchini mwao. Wengi walipewa ardhi Ulyankulu, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kaliua, na wengine Katumba, katika njia ya Mpanda. Mwishoni mwa miaka ya 1970 maji na ardhi ya Ulyankulu havikuwatosha, na sehemu yao ikahamishiwa Mishamo. Mwaka 2014 Serikali ya Tanzania ilianza kutoa vyeti vya uraia kwa watu zaidi ya 160,000 wa asili hiyo.

Hapakuwa na ukamilifu katika mambo hayo. Walihamishwa mara moja na mara ya pili, walikaa miaka zaidi ya 40 bila ya kujua kama watapita au watabaki, na hata vyeti vyenyewe vilichelewa. Lakini umbo la tendo linafahamika kwa aliyekaa Kaliua akatazama treni zikipishana. Waliotangulia kufika walikuwa na mahali pa kusimama. Waliokuja walikuwa njiani, hawana pembeni. Kama kutangulia kungekuwa haki tupu, jawabu lingekuwa kufunga njia. Palipohesabiwa kuwa kutangulia ni wajibu, pori likakatwa na nafasi ikapatikana. Wala haikusemwa kwamba mwenyeji amekuwa mnyonge kwa kufanya hivyo.

Linabaki deni moja, nalo ni la yule asubiriye. Ni kweli kwamba aliyefika kwanza ndiye asubiriye. Lakini haifuati kwamba asubiri gizani. Abiria aliyesimamishwa Kaliua saa nane za usiku, mtoto amelala mapajani, wauzaji wamekwisha kwenda na asali na karanga zao, anaweza kulistahimili jambo zito akijua sababu yake: kuna treni inatoka Uvinza, imo njiani, haina pa kuingia. Asipoambiwa, kusubiri kule kule kunakuwa dharau. Mpagazi wa zamani alijua anampisha nani na kwa nini, hata kama sababu yenyewe haikuwa ya haki. Aliyebanwa ukutani kichochoroni huliona gunia. Wa Ulyankulu walingoja miaka mingi bila ya kuonyeshwa kinachokuja mbele yao, na hilo ndilo waliloweza kulilalamikia kwa haki kamili.

Sasa reli nyingine, yenye upana wa milimita 1,435, inasogea bara. Mwaka 2024 ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na mkataba wa kuijenga kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini mwezi Disemba 2022. Itakwenda kasi kuliko mama yake. Lakini nayo ni ya njia moja, kwa hiyo nayo itawekewa mahali pa kupishania, na usiku mmoja treni itasimama huko na abiria atafungua macho kuuliza kuna nini. Ajaye kumjibu atakuwa ameanza kutenda haki, kabla hata ya treni ya pili kuonekana.